Mafuta ya Kurudi

Mwanga, Kigoma

Issa, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa hapa kiwandani kwangu, kwenye ile meza ya kurandia mbao uliyokuwa ukiikalia huku nakukataza. Leo asubuhi nimepeleka karatasi ya bei kwenye ofisi ya uchukuzi. Kila mwenye lori binafsi ametakiwa aandike upya gharama zake za safari moja ya kupeleka unga kambini kwa wakimbizi: mafuta, oili, tairi, matengenezo, posho ya dereva, wapakiaji, na chini kabisa bei anayotaka kulipwa. Wewe ungeijaza ukiwa umesimama, mkono wa pili umeshika muhogo wa kuchoma. Mimi imenichukua siku kumi na mbili, na ndani ya siku hizo nimeyajua mambo ambayo ulipaswa kuniambia mwenyewe. Nimekasirika nawe, Issa. Nakuambia mapema usije ukadhani nimekaa hapa kukusifu tu.

Nianze na ugomvi wetu, maana ndio uliotuachanisha. Unakumbuka tulivyogawana. Lori tulilinunua nusu kwa nusu, wewe kwa fedha za nyavu za marehemu baba yako, mimi kwa akiba yangu na mbao. Bodi niliijenga mimi, ubao kwa ubao, na mlango wa nyuma nikaufunga bawaba tatu badala ya mbili kwa sababu nakujua usivyo na mkono wa taratibu. Wewe ukawa dereva, mimi nikabaki na randa yangu. Kila mwisho wa mwezi ulikuja na daftari lako la shule lenye madoa ya mawese, ukanihesabia nusu yangu, tukanywa chai, ukaniuliza kama sisi watu wa Simbo tumewahi kuona chakula kingine zaidi ya maharage, nami nikakujibu kwamba heri maharage kuliko kunuka dagaa kama watu wa Ujiji. Miaka minne sikulifungua lile daftari. Nilikuwa nakuamini, na pia nilikuwa mvivu.

Mwezi ule wa mwisho nikalifungua. Kila ukurasa uliandika vilevile: kwenda lita hamsini, kurudi lita hamsini. Nikalisoma mara tatu. Kwenda umebeba tani saba za unga na unaipanda milima ya Kasulu. Kurudi huna kitu, na njia yote inateremka kuja ziwani. Hata mtu wa mbao anajua kwamba lita thelathini za kurudi zingetosha na kusaza. Lita ishirini zilikuwa zinapotea kila safari, safari sita kwa mwezi, miaka minne. Ulipokuja sikukupa hata kiti. Nikakuuliza mafuta yale unamwuzia nani pale Mwandiga.

Hukufoka. Ulilitazama daftari, ukasema, "Kurudi nako kuna mzigo, Gervasi. Andika hivyo tu."

Nikakuuliza ni mzigo gani, wa nani, na nauli yake iko wapi. Ukanyamaza. Nikakuita mwizi. Nilikuita hivyo mbele ya mteja aliyekuja kuchukua kitanda chake, na ulipotoka hukuaga. Safari iliyofuata homa ikakushika kulekule kambini, siku ya pili ukafariki. Waislamu wa kambini wakakuosha, wakakuswalia na kukuzika siku hiyohiyo kabla ya magharibi, pembeni ya makaburi ya wakimbizi, kama dini yenu inavyotaka. Sisi habari tuliipata kesho yake kwa mdomo wa dereva mwingine. Mkeo Mwajuma hakukuona. Mimi sikukuomba radhi.

Nilikwenda mwenyewe kulichukua lori, kwa ule udereva ulionifundisha uwanjani Mwandiga ukinicheka kwamba usukani naushika kama msumeno. Wakanionyesha kaburi lako, udongo bado mbichi. Njia ya kutoka kambini inapita palepale makaburini, na nikakumbuka kwamba zile mara tatu nilizowahi kusafiri nawe, ulisimama hapo tulipokuwa tunarudi. Ulishuka, ukaufungua mlango wa nyuma wa bodi, ukavua kofia na kukaa kando dakika kama tano, halafu ukafunga taratibu na kuondoka. Nilidhani unakung'uta vumbi la unga. Siku ile nikafanya vilevile kwa heshima yako. Nilifungua, nikavua kofia, nikangoja. Nilipokuwa nafunga nikasikia springi zikilia, nikajiambia ni gari limesimama siku nyingi.

Basi nikaifuata desturi hiyo kila safari, nikijiona mtu mwema. Kumbe nilikuwa nafuata nusu yake tu. Nusu ya pili sikuijua, kwa sababu mimi ulikuwa unanishusha hapa Mwanga, na wewe unaendelea na gari, eti unakwenda kuliosha ziwani Kibirizi kabla ya kwenda kulala Ujiji. Nilikuwa nakucheka, mtu gani anaosha lori masika. Baada yako likawa linalala hapa kiwandani, na kuosha nikaliosha kwa ndoo mbili za maji ya bomba.

Sasa sikiliza hesabu zangu. Wajua mimi ni mtu wa vipimo. Nilichonga kijiti cha mninga, nikakitia alama kwa kila lita tano, nikawa nakizamisha kwenye tangi kabla ya kuondoka na baada ya kufika. Safari ya kwanza, kwenda hamsini, kurudi hamsini. Nikajua gari lina ugonjwa na kwamba pengine nilikuonea. Nikamwita fundi, akafungua pampu, akasafisha nozeli, akasema injini ni nzima kuliko yeye. Safari ya pili, kwenda sitini, kurudi sabini. Safari ya tatu, bapa mbili za springi ya kulia zikavunjika nikiwa kwenye mteremko wa kuingia Mwandiga. Gari lilikuwa tupu, Issa, na lilikuwa linanisukuma kama limejaa saruji. Breki zilinuka mpaka watu wa sokoni wakageuka.

Nikasimama pembeni, nikapanda nyuma nikague. Hakukuwa na kitu. Lakini mbao za sakafu zilikuwa zimebonyea katikati, mbao zangu mwenyewe za unene wa inchi mbili, nilizozichagua kwa jicho na kuzigonga kwa kidole moja moja. Nikaweka kiganja juu yake. Zilikuwa na joto, si la jua, maana kulikuwa na mawingu tangu Kasulu. Lilikuwa joto la kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Nikashuka haraka kuliko nilivyopanda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliogopa kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu.

Juma lililofuata nikaenda ghalani kupakia. Unaujua utaratibu wao, kila lori hupimwa tupu kwanza. Yule kijana wa mizani, aliyehamishiwa hapa kutoka Dodoma, akautazama mshale, akanitazama mimi, akasema kwa adabu, "Mzee, kashushe kwanza ulichobeba, ndipo uje nikupime."

Nikamwambia sijabeba kitu. Tukapanda wote wawili. Akasimama katikati ya bodi, akageuka huku na huku, akawa anajipangusa mikono kwenye suruali ilhali hakushika chochote. Aliposhuka akaandika uzito uleule aliouona, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na magunia niliyopewa yakapunguzwa ishirini ili nisizidishe. Toka siku ile hakulikaribia tena lori letu. Mshale alikuwa anausomea dirishani.

Kwa hiyo mapato yakawa yanashuka na mafuta yanapanda. Nilipiga hesabu kwa kila njia niliyoijua. Nilipunguza wapakiaji, nikanunua oili ya kupima badala ya ya kopo, nikafunga tairi la akiba lililokuwa limeanza kuonyesha nyuzi. Safari ya tano nilipotoa gharama zote, kilichobaki kwa ajili ya Mwajuma na watoto wako ni aibu kukitaja hata kwako. Wakati huo alikuwa ndani ya eda, hatoki wala haonani na sisi wanaume, fedha nampa dada yake mlangoni. Nilisikia pazia likitikisika na sauti yake ikiuliza, "Ndizo zote?" Nikaondoka. Majirani walishamwambia kwamba Gervasi anauza dizeli njiani. Lile neno nililokuita mwezi mmoja kabla, sasa lilikuwa linanifuata mimi mtaani.

Eda ilipokwisha alikuja hapa kiwandani, amejitanda kanga mbili, akasimama pale mlangoni kwenye maranda. Sijapata kumwona amekonda vile. Akasema, "Shemeji, Issa alikuwa anarudi na hela. Wewe unarudi na maelezo."

Kuna mfanyabiashara wa sokoni hapa Mwanga alikuwa tayari kulinunua lori, na Mwajuma alitaka nusu yenu iuzwe. Sikumlaumu. Nilimwambia kwamba karatasi ya bei inatakiwa baada ya wiki mbili, na kwamba kabla ya kuuza namwomba safari moja tu. Apande yeye mwenyewe, kijiti cha kupimia akishike yeye, aone kwa macho yake mafuta yanakwenda wapi. Alikataa, kisha akaniuliza kama njia inapita karibu na kaburi lako. Nikamwambia inapita. Akakubali.

Tulikwenda Jumanne. Kila tuliposimama alishuka na kijiti, akakizamisha, akakisoma kwenye mwanga. Hadi kambini lori lilikuwa limekunywa lita themanini, na magunia tuliyobeba yalikuwa nusu ya yale uliyokuwa ukibeba wewe. Niliona anaanza kunitazama kwa namna nyingine. Tulipomaliza kushusha nikampeleka kaburini. Alikaa chini kwenye udongo, akasoma anachosoma, akatengeneza lile jiwe la upande wa kichwa lililokuwa limelala. Nilisimama mbali kidogo.

Hapo akatujia mama mmoja aliyekuwa akilima kibustani chake kando ya makaburi. Anaitwa Mama Domitila, Mrundi, kati ya wale wakimbizi wa boti za mwanzo. Alitusalimia "amahoro," nami nikamjibu kwa Kiha, tukawa tunasikilizana vizuri tu, yeye akichanganya na Kiswahili kwa ajili ya Mwajuma. Alimpa pole ya mume. Halafu akanigeukia mimi, akauliza jambo ambalo naona alikuwa amelitunza miezi mingi: "Yule wa kwanza alikuwa anawashusha kwa maji. Wewe unawashusha wapi?"

Nikamuuliza ninamshusha nani. Akanieleza pasipo haraka, jembe likiwa begani. Alisema siku walipopakiwa pale ufukweni Kibirizi, mama yake mzazi alikataa kupanda lori. Alisema akipelekwa mbali na maji hataiona tena njia ya kwao. Wewe ukamwambia mbele ya watu wote apande tu, na kwamba utamrudisha mwenyewe palepale ulipomchukua. Issa, nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja na nyundo kurekebisha bawaba, nikakusikia, nikacheka moyoni, nikasema huyu mtu wa Ujiji kwa maneno matamu hajambo. Yule bibi alifariki mwezi wa tatu wa kukaa kambini. Ulipokuja na unga wakakuambia, na ulipokuwa unaondoka ukasimama makaburini ukafungua mlango wa nyuma.

Toka hapo, akasema Mama Domitila, kila mwenye maiti wake alijua siku ya lori. Walikuja kando ya makaburi, wakawataja watu wao kwa majina, wakawaambia wapande. "Barataha," akasema, neno ambalo Kiha na Kirundi tunalo sote, maana yake wanarudi nyumbani. Ukiwafikisha majini, kuvuka wanajua wenyewe. Halafu akalitazama lori letu kwa muda mrefu, kuanzia nyuma mpaka mbele. Akasema tangu wewe ufariki wanapanda lakini hakuna anayeshuka, kwamba sasa wamesimama wamebanana na wengine wamebaki chini wanangoja zamu.

Mimi nilitaka tuondoke palepale bila kufungua kitu. Nakiri hivyo mbele yako. Ni Mwajuma aliyekwenda nyuma ya gari, akachomoa komeo mwenyewe na kuuteremsha mlango. Jua lilikuwa la saa saba, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Lori likaanza kushuka. Lilishuka polepole upande wa nyuma, matairi yakitanuka, na mbao za sakafu zikawa zinalia moja baada ya nyingine kutoka mlangoni kwenda mbele, ubao mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, kama kwenye kila mzigo niliowahi kuusikia ukipandishwa. Nilizijua sauti za mbao zile. Palikuwa na watu wanasogea ili wenzao wapate nafasi. Ziliponyamaza, Mwajuma akafunga mlango, akaushika kidogo kwa kiganja, akaja kupanda mbele.

Kiti kile cha mbele kinakaa watu watatu, unakijua. Njia nzima Mwajuma alijibana mlangoni, bega limegusa kioo. Nilidhani ananiogopa au anaona haya kukaa karibu na mwanamume asiye ndugu yake. Tulipofika Mwandiga nikamwambia akae kwa raha, kiti ni kikubwa. Akajibu bila kugeuka, "Sina nafasi, shemeji."

Sauti yake haikuwa ya hofu. Nikatazama katikati ya kiti. Sponji ilikuwa imebonyea, na ngozi ya kiti imenyooka vizuri kama inavyonyooka mtu akikalia. Nilibadilisha gia kwa kujibana, kiwiko nimekivuta kwangu, kama nilivyokuwa nikifanya wakati ulipokuwa umekaa hapo ukinifundisha.

Tulipita Mwanga bila kusimama. Kibirizi tulifika jua bado lipo juu, wanawake wanageuza dagaa kwenye mchanga, redio inaimba mahali. Nikarudisha gari nyuma mpaka matairi ya nyuma yakaingia majini, nikashuka, nikafungua. Mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha springi zikaanza kuinuka, bapa kwa bapa, taratibu, na zikaendelea kuinuka kwa muda ambao ungetosha kushusha boti nzima. Nyuma ya lori maji ya kina kifupi yakachafuka tope, mstari mmoja mwembamba, ukawa unakwenda mbele kuelekea vilindini na kupotea. Wanawake wakaacha dagaa. Mmoja akamnyanyua mtoto wake akamweka mgongoni. Mwingine, mtu mzima, alikuwa amekaa karibu na gari, akainua uso akasema "marahaba," na mimi sikuwa nimemsikia mtu yeyote akimpa shikamoo.

Tope lilipotulia lori lilikuwa limesimama juu kama siku tulipolinunua. Lakini upande wa mbele, katikati ya kiti, palikuwa bado pamebonyea. Tuliendesha mpaka Ujiji. Mwajuma akashuka mlangoni kwenu, akaushika mlango wa gari ukiwa wazi, akasema kwa sauti ya chini, ile ya mtu na mumewe, "Haya, ingia." Akangoja kidogo ndipo akaufunga. Nilirudi Mwanga na kiti chote peke yangu, nikalia njia nzima kutoka Ujiji, na sijui kama ni kwa woga au kwa kukukosa. Nadhani ni vyote viwili.

Kesho yake alikuja na madaftari yako yote ya miaka minne yamefungwa kwa kanga. Tulikuwa na karatasi ya bei ya kujaza, na nilitaka kujua gharama ya kweli kwa safari. Yeye akawa anasoma, mimi najumlisha. Nilitazamia nusu yangu iwe imepigwa baada ya kutoa mafuta yote, lita mia kwa safari. Haikuwa hivyo. Tukarudia mwezi mmoja, tukarudia wa pili, tukarudia mwaka mzima. Nusu yangu ulikuwa unaipiga kwa lita themanini, hamsini za kwenda na thelathini za kurudi tupu. Zile ishirini ulizikata kwenye nusu yako peke yako, kila safari, tangu mwaka wa kwanza. Mimi sikupoteza hata senti.

Mwajuma akaacha kusoma. Akasema sasa anaelewa kwa nini mwaka ule aliuza cherehani, na kwa nini bati za nyumba hazikununuliwa mpaka leo. Alikuwa amekugombeza kwa ajili ya cherehani ile, na wewe ukasema biashara ni ngumu. Issa, ulinyamaza kwake na ulinyamaza kwangu. Nilikuita mwizi kwa mafuta uliyoyanunua kwa fedha zako, na fedha zangu zote zilikuwa zimefika mkononi mwangu. Ungeweza kuniambia. Ningekucheka, najua, na ningekataa kulipa, hilo nalo najua, na pengine ndiyo sababu. Nilijifunika uso kwa mikono mbele ya shemeji yangu, mtu mzima na mvi zangu, na hakuniambia ninyamaze.

Kwenye karatasi nimeandika: kurudi, tupu, lita thelathini. Ofisi hulipia kile inachokiona. Ningeandika hamsini, bei yetu ingepita ya wengine na kazi ingekwenda kwa matajiri wenye malori kumi. Nilimwambia Mwajuma kwamba zile ishirini zitatoka kwenye nusu yangu mimi, kwa miaka minne kamili kama ulivyofanya, ndipo tuanze kuongea. Akaninyang'anya kalamu. Akasema, "Hapana, tugawane. Aliyeahidi ni Issa, lakini wanasimama juu ya mbao zako." Akaandika mwenyewe kwenye daftari jipya, kumi kwake, kumi kwangu. Yule mfanyabiashara wa sokoni tumemwambia lori haliuzwi. Na leo karani ameisoma karatasi yetu kutoka juu hadi chini, akaigonga muhuri, akatupa kazi ya mwaka mwingine.

Tangu siku ile nimekwenda safari mbili. Kwenda hamsini, kurudi hamsini. Nafungua kule, nafungua huku, na kijana wa mizani ameanza kutoka tena nje kunisalimia. Jambo moja tu sikulitazamia. Nilidhani umekwisha kufika kwako na umepumzika. Mwajuma naye alidhani hivyo, alinunua hata mgebuka, samaki wako wa ziwani, akaupika unavyoupenda. Lakini Jumatatu alfajiri nilipofungua mlango wa lori kwenda kupakia, katikati ya kiti palikuwa pamebonyea. Ulikuwa umeshapanda. Nilisimama hapo nje na ufunguo mkononi, kisha hasira ikanipanda, nikakuambia kwa sauti kwamba hata ukifa hujui kukaa nyumbani. Kisha nikapanda nikawasha gari.

Nisamehe, Issa. Sina namna nyingine ya kulisema, nimelitafuta neno kubwa zaidi sikulipata. Nilikutia doa mbele ya mtu, na huyo mtu wa kitanda nimemfuata hadi kwake Simbo nikamwambia kwamba nilisema uongo.

Nami nakuahidi. Nitafungua kule na nitafungua huku kila safari, masika na kiangazi, na lori hili halitauzwa maadamu kuna mtu kule juu anayetaka kurudishwa majini. Itafika siku nitafungua mlango pale makaburini, nitavua kofia, nitangoja, na gari halitashuka hata kidogo. Nitajua wamekwisha. Siku hiyo tutarudi wawili tu, mimi na wewe, na nitaendesha taratibu. Nitakupeleka moja kwa moja hadi Ujiji, Mwajuma atakufungulia mlango, nami ndipo nitakuaga vile ambavyo hukuniaga. Safari hiyo ukishuka, usipande tena. Umechoka, ndugu yangu.

Gervasi